Uso Wetu au Uso Wenu

Mtu akisimama mbele yangu akasema utando fulani haupitishi kitu, huwa namwacha amalize, kisha namweka kwenye kundi la wajinga. Plastiki inapitisha. Mpira unapitisha. Hata utando wetu wa selulosi, ambao Daktari aliutambulisha kwa wageni kana kwamba kauzaa mwenyewe kwa uchungu, unapitisha. Maswali ni matatu tu: kinapita nini, kinapita kiasi gani, na siku hiyo hewa ina unyevu gani. Miaka ishirini na sita nimepima mambo hayo katika maabara ya kiwanda hiki, na bado kila baada ya miezi miwili anatokea mtu mwenye tai kuja kunifundisha kwamba haupitishi kitu.

Kazi yangu ni ya vikombe. Unachukua kikombe kidogo cha alumini, unatia ndani chumvi ya dawa inayonyonya maji, unafunika mdomo wake kwa kipande cha utando, unaziba ukingo kwa nta iliyoyeyushwa. Kikombe kinaingia kwenye kabati lenye joto na unyevu usiobadilika. Kila siku saa mbili asubuhi unakitoa, unakipima, unakirudisha. Kikiongezeka uzito, basi kuna mvuke uliopenya utando ukanywewa na ile chumvi. Ni hivyo tu. Kazi inataka mikono isiyotetemeka, maana mizani yangu inasoma hadi tarakimu ya nne baada ya nukta, na pumzi ya mtu anayecheka karibu nayo inatosha kuivuruga. Kwa sababu hiyo nilipiga marufuku kucheka ndani ya maabara, na kwa sababu hiyo wananiita Mama Mizani. Wanadhani sijui.

Daktari ndiye mkuu wa maabara. Udaktari wake ni wa rangi za ukutani. Aliletwa kwetu kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza, na tangu aje hajagusa kikombe hata kimoja. Anagusa majibu tu, na kuyapeleka juu yakiwa na jina lake. Simchukii. Kumchukia mtu ni kumpa nafasi, na yeye nafasi anayo tayari, ina kiyoyozi na zulia.

Utando wenyewe, kusema kweli, ni mzuri. Unatokana na massa ya miti yaliyosagwa mpaka yakawa uji, yakatandazwa, yakakaushwa. Unang'aa, unalia ukiukunja, na ukiwa mkavu oksijeni haipiti humo ila kwa kuomba ruhusa. Plastiki ya kawaida haifui dafu mbele yake. Ila una ugonjwa mmoja: unapenda maji. Ukiuweka penye unyevu unayanywa, unavimba, unalegea, na ile oksijeni iliyokuwa ikiomba ruhusa sasa inaingia bila hodi. Ndiyo maana upande mmoja tunaupaka nta. Nta inazuia mvuke, selulosi inazuia oksijeni, mradi nta iangalie kule unyevu unakotoka, yaani nje ya pakiti. Ukiugeuza, selulosi inabaki nje inalowa, inavimba na kuipasua nta iliyoko ndani, mvuke unapita, na nta yenyewe haina ubavu wa kuzuia oksijeni peke yake. Upande wa nta, sisi wa maabara tunauita uso. Upande mtupu tunauita mgongo. Tumeuita hivyo tangu kabla Daktari hajaja, na haikuwahi kunijia kichwani kwamba kuna mtu anaweza kuuita vingine.

Chini, kwenye ukumbi wa kufungasha, alikuwako shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu, na baada ya miaka kumi na mmoja nilikuwa bado sijaelewa mdogo wangu aliona nini. Mtu anaimba huku anatafuna. Mtu anauliza maswali. Ukimkaribisha chakula, hajafika nusu ya sahani ameshaanza: "Shemeji, hivi ile hewa inapitaje mahali pasipo na tundu?" Nilikuwa nikijibu huku naangalia sahani yangu, kwa maneno mawili, na yeye alikuwa akitikisa kichwa kana kwamba nimemfungulia hazina. Wakiondoka nilikuwa nafunga mlango na kushusha pumzi. Nilimwona mzito wa kichwa, na sikujisumbua kuficha.

Mwaka huu wakamfanya kaimu mkuu wa zamu. Wakampa koti la bluu, wakamwambia litakuwa lake moja kwa moja ikiwa majaribio ya utando mpya yatakwenda vizuri. Majaribio yenyewe yalikuwa ya biskuti: pakiti elfu nne zifungwe kwa utando wetu, zikae wiki sita katika ghala lenye joto na unyevu, kisha zifunguliwe. Zikitoka kavu na zina harufu nzuri, koti linabaki. Zikiharibika, linavuliwa.

Mdogo wangu alinipigia simu.

"Dada, safari hii usimnyanyase mume wangu," akasema. "Akivuliwa lile koti atarudi kubeba maboksi, na wale anaowaongoza leo ndio watakaomtuma. Hatalibeba hilo, hata kama atacheka."

"Mimi simnyanyasi mtu," nikamjibu. "Mimi napima tu."

"Basi usimpime."

Nikamwambia nina kazi, nikakata simu.

Maelekezo ya majaribio niliyaandika mimi, maana Daktari alikuwa na mkutano. Ukurasa mmoja, vipengele saba. Nilijivunia ule ukurasa. Hapakuwa na neno la ziada, na watu wanaoweka maneno ya ziada kwenye maelekezo nawafahamu: ni wale wasiojua wanachokisema. Kipengele cha nne kilikuwa na maneno manne. Uso nje, mgongo ndani.

Asubuhi ya siku ya kufungasha simu ya maabara ikalia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Sema."

"Samahani kukusumbua. Ni hapa namba nne. Umeandika uso nje. Sasa nilikuwa nauliza, ni uso wetu au uso wenu?"

Nilikuwa na vikombe kumi na viwili mezani, na kila dakika vilipokaa nje ya kabati vilikuwa vinaharibu kipimo changu.

"Shemeji, wewe una nyuso ngapi?"

"Mmoja."

"Uko mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Basi na utando ni hivyo hivyo. Fanya kama ilivyoandikwa."

"Sawa. Ila hili jora, jinsi lilivyokuja limeviringishwa, tayari naona kama..."

"Fanya kama ilivyoandikwa," nikasema, nikaweka simu.

Wenzangu wakauliza kulikoni. Nikawaigizia, kwa sauti yake ile ya upole, uso wetu au uso wenu, na maabara nzima ikacheka, sheria yangu ikavunjwa mbele yangu na mimi nikiwa mvunjaji wa kwanza. Kwa wiki mbili yakawa ndiyo maneno ya kusalimiana. Mtu akiniletea sampuli anauliza, "Mama, uso wetu au uso wenu?" Nami nacheka. Nakiri nilifurahi. Ni mara chache watu hucheka pamoja nami.

Siku ile ile, kama saa moja baadaye, simu ililia tena. Kwenye kioo chake ilionyesha namba ya ukumbi wa kufungasha. Niliiacha ilie mpaka ikachoka.

Baada ya wiki sita tukashuka ghalani, Daktari mbele akiwa na mpiga picha aliyemwita mwenyewe. Mlango ulipofunguliwa nilijua kabla ya kugusa kitu. Pakiti zilikuwa zimejikunja pembe na utando umelegea kama ngozi iliyokaa majini. Daktari akafungua moja mbele ya kamera, akavunja biskuti, na biskuti haikutoa sauti. Akaiweka mdomoni kwa sababu kamera ilikuwa inamwangalia, akatafuna kwa tabasamu, kisha akamwomba mpiga picha apumzike kidogo. Harufu ilikuwa ya mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa wiki nzima. Unyevu umeingia, oksijeni imeingia, vyote viwili vimekaribishwa.

Kikao kiliitwa mchana huo. Meneja wa kiwanda ni mtu anayesoma mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila karatasi na kuamini kwamba wa katikati ni urafiki tu. Akauliza kosa ni la nani. Hakuuliza kosa ni nini. Daktari akasema vipimo vya maabara vilikuwa safi, jambo ambalo ni kweli na yeye hahusiki nalo, kwa hiyo bila shaka kosa liko chini, kwa kaimu mkuu wa zamu. Shemeji alikuwa amekaa mwisho wa meza na koti lake la bluu amelifunga vifungo vyote. Meneja akaagiza maabara iandike ripoti ya chanzo, naye Daktari akanigeukia mimi, kama ilivyo desturi yake anapoagizwa kazi.

Nilipanda ngazi nikiwa nimeshaiandika kichwani. Nilikuwa namhurumia mdogo wangu, lakini sikuwa na shaka hata chembe. Nikachukua pakiti tupu, nikaikata, nikaanza kutafuta matundu. Hapakuwa na tundu. Nikafanya kile tunachokifanya sisi wa kazi hii tukiwa peke yetu, tukijua hakimo kwenye kitabu chochote: nikagusisha utando kwenye mdomo uliolowa kidogo. Upande mtupu huwa unang'ang'ania mdomo. Upande wa nta huteleza. Nikagusisha wa nje. Ukang'ang'ania.

Ameugeuza. Pakiti elfu nne, zote kageuza. Nilisikia raha fulani, siwezi kudanganya, ile raha ya mtu aliyesema tangu mwanzo. Nikashuka nayo moja kwa moja hadi ukumbini nikamwonyeshe, tena mbele ya watu wake. Hakuwepo, walisema ameitwa kwa Meneja. Alikuwepo mama mmoja anayesimamia gundi, mtu mzima, amekaa kwenye mashine hiyo muda mrefu kuliko hata mashine yenyewe, maana amezika mbili kabla yake.

"Mama," nikamwambia, nikimnyooshea ile pakiti, "nionyeshe uso wa utando huu ni upi."

Hata hakuichukua. Akachomeka kidole ndani ya pakiti.

"Huu."

"Huo ni wa ndani."

"Ndiyo. Uso si ndio unaoangalia biskuti? Mgongo ndio unaowapa watu." Akaniangalia juu mpaka chini, taratibu, kwa macho ninayoyajua, maana ndiyo macho yangu. "Kwani nyie huko juu uso wenu unaangalia wapi?"

Nikamwita aliyekuwa akipanga trei. Akaonyesha ndani. Nikamwita fundi wa umeme, aliyekuwa akipita tu na ngazi yake. Akaonyesha ndani, akaendelea na safari yake. Tangu kiwanda kilipokuwa kikitumia plastiki, ukumbi mzima umekuwa ukiuita uso ule upande unaogusa chakula. Jora letu lilikuja limeviringishwa sawasawa, nta tayari inaangalia nje. Angelipachika kama yanavyopachikwa majora yote, bila kusoma chochote, biskuti zingetoka kavu. Lakini lilikuja na karatasi. Karatasi ilisema uso nje. Kwa lugha yao ilikuwa ikisema lile ambalo mtu mwenye akili timamu hulifanya kwa amri tu: ligeuze.

Uso wetu au uso wenu. Mwaka mzima katika kiwanda kile, chenye Daktari na Meneja na wageni wenye tai, hakuna mtu aliyeuliza swali lenye akili kuliko hilo, na mimi niliyeulizwa niliwaigizia watu wacheke. Nilisimama pale karibu na mashine, uso unaniwaka, na yule mama wa gundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nilikuwa naona aibu, na kwa kuwa sikuwa nimeizoea, nilidhani ni presha.

Ripoti niliiandika kwa mkono mchana ule ule, kabla ya kubadili mawazo. Nilijaribu mara mbili kuandika kwamba kulikuwa na tofauti ya istilahi baina ya idara, na mara mbili nikaichana ile karatasi, kwa sababu hicho ndicho Kiswahili cha Daktari. Ya tatu ikatoka hivi: maelekezo yaliandikwa vibaya na mimi; kaimu mkuu wa zamu alipiga simu kuuliza, nikamkejeli, nikakataa kumsikiliza; alipopiga tena sikupokea; jora lilikuwa sawa na yeye alikaribia kuniambia hivyo. Nikatia sahihi. Daktari akaisoma akiwa amesimama.

"Hii haiwezi kutoka kwenye idara yangu," akasema.

"Haitoki kwenye idara yako. Inatoka kwangu."

"Umebakiza miaka miwili, mama. Mtu wa chini anapewa onyo, anasahau. Wewe ukiandika hivi wanaleta mkaguzi, wanafungua kila kipimo ulichowahi kuandika. Utawaeleza nini?"

Ni kweli niliogopa. Miaka yote ile wakaguzi walikuwa wakiletwa kwa watu wengine, na nilikuwa nikiwatazama kwa starehe. Nikaichukua karatasi yangu mkononi mwake, nikapanda nayo kwa Meneja.

Meneja akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa mwisho. Akairudisha mezani upande wangu kwa kidole kimoja.

"Tumeshamaliza hili," akasema. "Ameshasaini."

"Nani?"

"Kaimu. Saa saba. Amekiri alielekezwa vizuri akaelewa vibaya. Mimi siwezi kuwa na wakosaji wawili kwa kosa moja, naomba unielewe. Faili limefungwa." Kisha akaongeza, kwa wema kabisa, "Na najua ni shemeji yako. Unamkingia kifua. Hilo ni jambo zuri."

Nikashuka nimefura. Nilimkasirikia Meneja, lakini zaidi nilimkasirikia shemeji, kwa sababu alikuwa amesaini uongo na kunifanya niwe mpuuzi wa kubeba ukweli huku na huko kama mtu anayetembeza bidhaa isiyo na mnunuzi. Nilijiambia ni woga. Nilijiambia mtu asiye na uti wa mgongo ndivyo alivyo, na mdogo wangu alijua wakati anaolewa. Nilikuwa nimemaliza kumhukumu nilipomwona.

Alikuwa mwisho wa ukumbi, amevaa ovaroli la kijivu la zamani, anapanga maboksi juu ya mbao za forklifti. Haimbi. Kijana mmoja wa zamu, aliyekuwa chini yake mpaka asubuhi, alikuwa akimwonyesha kwa mkono wapi pa kuanzia safu mpya, naye akawa anaanzia hapo.

"Umesaini nini?" nikamwuliza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umesaini nini?"

"Kwamba nilielewa vibaya."

"Hukuelewa vibaya. Uliuliza."

"Najua."

"Na ulijua lile jora lilikuja sawa."

Akalipanga boksi alilokuwa nalo, akalinyoosha ukingo kwa kiganja. "Nililigusisha mdomoni. Ule mtupu huwa unang'ang'ania. Nikaona nta iko nje tayari. Nikasema labda shemeji ana sababu yake, yeye ndiye anayepima. Nikapiga tena nihakikishe."

Sikuwa nimemfundisha mimi hilo la mdomo. Hakuna aliyemfundisha.

"Sasa kwa nini hukuwaambia hivyo? Kwa nini unasaini?"

Aliniangalia. Nilimtafutia dharau usoni, kwa sababu nilistahili na kwa sababu ndiyo kitu ninachokijua nikikiona, na ningeipokea vizuri kuliko nilichokiona.

"Ningesema, wangekuita wewe," akasema. "Wangekuuliza mbele ya watu wote. Na wewe, shemeji, hujazoea kuulizwa. Nikamwambia mdogo wako kwa simu, naye akasema sawa."

Nilikuwa na karatasi yangu mkononi, yenye ukweli wote na sahihi yangu. Nilitaka kumwambia kwamba nimeiandika, kwamba nimepanda nayo mpaka juu, kwamba sikungoja kusukumwa. Yule kijana akaita kutoka kwenye lori kwamba wanachelewa. Shemeji akainama, akachukua boksi jingine, akasubiri kidogo nalo mikononi.

"Samahani, shemeji," akasema. "Hapo uliposimama ndipo linapokaa."

Nikasogea.